Pamba au poliesta? Uliza kwanza nguo itafuliwaje

Swali: Shikamoo fundi. Nashona nyumbani, cherehani nimeshaizoea, tatizo langu ni vitambaa. Nilishona gauni la pamba, nikalivaa mara moja tu, nilipolifua likarudi mpaka zipu haipandi. Baadaye nikauziwa kitambaa nikaambiwa ni hariri. Nikashona blauzi, pasi ilipoigusa tu ikajikunyata na kunata kwenye pasi. Wenzangu wananiambia ninunue vitambaa vya asili peke yake, hivi vingine ni plastiki. Sasa nataka kushona vitu vitatu: shati la kazini la mume wangu, ambaye hutokwa jasho sana, sketi ya marinda ya kwangu, na suruali ya kubana ya mazoezi. Ninunue nini? Na nitajuaje kwamba ninachouziwa ndicho ninachoambiwa?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Usinunue vya asili peke yake. Katika hivyo vitatu, shati ningelishona kwa pamba, sketi ya marinda kwa poliesta bila kusita, na suruali kwa nailoni au poliesta iliyotiwa spandeksi, yaani uzi wa kuvutika. Sababu zinakuja, ila tuanze na hayo mawili yaliyokupata, kwa kuwa hakuna hata moja lililosababishwa na kitambaa kibovu.

Gauni lako lilirudi kwa sababu ulikata kabla ya kufua. Kiwandani nyuzi za pamba hufumwa zikiwa zimekazwa kwenye mtambo, kisha kitambaa huvutwa tena kinapotiwa rangi na kunyooshwa, na hukauka kikiwa katika hali hiyo ya kuvutwa. Siku ya kwanza kinapokutana na maji na sabuni, nyuzi zinavimba, zinalegea, na kila moja inarudi kwenye urefu wake. Pamba ambayo haikutayarishwa mapema hurudi asilimia 3 hadi 5 bila ajabu yoyote, na ya tisheti huweza kuzidi hapo. Piga hesabu: kiuno cha sentimita 80 kikirudi asilimia 5, umepoteza sentimita 4. Gauni la kubana halina sentimita 4 za kutoa.

Kwa hiyo kitambaa cha pamba, kitani au viskosi (wengi huiita rayoni) kinafuliwa kwanza, kinakaushwa, kinapigwa pasi, ndipo mkasi unaingia. Na kifue vile vile utakavyofua nguo yenyewe. Kama nguo itaingia kwenye mashine na maji ya moto, kuloweka kitambaa dakika chache kwenye beseni la maji baridi ni kujidanganya. Kabla ya kufua, zungushia ncha zilizokatwa mshono wa zigizaga, la sivyo zitafumuka na kutoka na fundo la nyuzi.

Blauzi nayo haikuwa hariri. Hariri ni protini, kama nywele. Pasi kali mno itaibadilisha rangi na kuichoma, lakini haiwezi kuyeyuka na kunata. Kilichonata yaelekea ni poliesta iliyofumwa kwa mtindo wa satini, yaani nyuzi za upande mmoja zinaruka juu ya nyuzi kadhaa za upande mwingine kabla ya kuzama, na huko kuelea ndiko kunakoleta mng'ao na utelezi. Satini huweza kufumwa kwa hariri, poliesta, hata pamba. Shifoni na krepu ni vivyo hivyo. Muuzaji akikutajia majina haya amekuambia kitambaa kinaonekanaje, hajakuambia kimetengenezwa kwa nini. Muulize uzi. Akijibu tena “ni satini”, ujue hajui, au hataki kusema.

Ndiyo maana mimi sipendi swali la asili au si asili likiwa la kwanza. Kitambaa kina mambo matatu: uzi wake, namna kilivyofumwa, na uzito wake. Voili nyepesi inayopitisha mwanga na dengrizi, kile kitambaa cha jinzi, ya suruali ya kazi huweza kuwa pamba zote mbili. Shifoni ya mtandio na blanketi zito lenye manyoya huweza kuwa poliesta zote mbili. Ukiamua kwa jina la uzi peke yake, mambo mawili kati ya matatu umeyaacha yajiamulie. Uzito hupimwa kwa gramu kwa mita ya mraba: shati jepesi huwa kati ya 100 na 140, suruali ya kawaida 200 na kuendelea, dengrizi nzito hufika 400. Kama duka halitaji uzito, bebesha kitambaa kwenye kiganja kando ya nguo unayoipenda kisha linganisha.

Swali la kwanza ambalo ningetaka ujiulize ni hili: nguo hii itafuliwaje, itakaushwaje, na nani ataipiga pasi? Kitambaa kwenye rafu kiko kikavu na kimepoa, kila kimoja kinapendeza. Tabia yake hujitokeza kikilowa na kikipata moto, na hapo ndipo nyuzi zinapoachana njia.

Tuanze na maji. Wataalamu wa nguo hupima uzi unabeba unyevu kiasi gani ukiwa umetulia tu hewani, kwenye nyuzijoto 20 na unyevu wa hewa asilimia 65. Sufi, yaani manyoya ya kondoo, hubeba kama asilimia 16 ya uzito wake, viskosi 13, kitani 12, hariri 11, pamba 8. Nailoni hushuka mpaka 4, akriliki, uzi wa kiwandani unaoiga sufi, 1.5 hivi. Poliesta ni 0.4. Iangalie hiyo namba ya mwisho, ndiyo inayoeleza karibu kila sifa na kila lawama ya poliesta. Haivimbi, kwa hiyo hairudi. Haishiki maji, kwa hiyo ukiianika jioni asubuhi unaivaa. Inakuwa kavu mno, kwa hiyo chaji ya umeme haipati pa kutorokea, na sketi inapanda na kunata kwenye miguu hewa ikiwa kavu. Jasho halipati pa kuingia, linabaki kwenye ngozi. Tena uzi huu unaokataa maji unayakaribisha mafuta, na mafuta ya mwili yakishakaa humo bakteria hupata makao, ndiyo maana kwapa la poliesta hunuka hata baada ya kufuliwa. Geuza nguo nje ndani, loweka kwapa na sabuni kabla ya kufua, na uache dawa za kulainisha nguo, kwani zinaacha utando juu ya uzi.

Lakini wanaosema poliesta ni joto na pamba ni baridi wanasahau ufumaji. Jezi ya michezo ya poliesta yenye matundu matundu inapitisha hewa kuliko turubai la pamba, wala hilo halina ubishi. Na jasho likiwa jingi kweli kweli, pamba hugeuka mzigo: inanyonya, inalowa, inakuwa nzito, inakaa imelowa na mwisho inakupoza wakati hutaki kupozwa. Nyuzi za poliesta za michezo huchongwa na kupangwa ili jasho lisambae juu yake, lisiingie ndani, na likisambaa hukauka upesi. Kwa mtu aliyekaa ofisini anatoka jasho la wastani, pamba inashinda. Kwa mtu anayekimbia, inashindwa.

Sasa moto. Pamba na kitani ni selulosi, yaani mwili wa mimea, hazina kuyeyuka, hustahimili pasi ya nyuzijoto 200, ile ya alama ya nukta tatu kwenye lebo. Nukta mbili ni 150, na hapo ndipo sufi na hariri zinapokaa, tena kwa kitambaa cha kukingia. Nukta moja ni 110. Poliesta huyeyuka kwenye nyuzijoto 255 hivi, lakini huanza kulegea mapema zaidi, na kitambaa chembamba kinaharibika zamani kabla ya kufika huko. Ni plastiki ile ile ya chupa za maji ya kunywa, imevutwa ikawa uzi. Wenzako hapo hawakukosea. Walichokosea ni kudhani kwamba plastiki haina kazi kwenye nguo.

Yapo pia makundi ambayo maneno haya mawili, asili na si asili, hayayatoshi. Viskosi, ambayo wengi huiita rayoni, hutengenezwa kwa mbao: zinasagwa, zinayeyushwa kwa kemikali, kisha majimaji yake yanasukumwa kwenye vitundu na kuwa uzi. Cross, Bevan na Beadle wa Uingereza waliipatia hataza mwaka 1892, kwa hiyo ina umri kuliko nailoni na poliesta. Mwilini inapumua kama pamba na inaanguka vizuri kuliko pamba. Ila ina udhaifu mmoja mkubwa: ikilowa hupoteza nguvu nyingi, theluthi moja au zaidi. Usiikamue kwa kuinyonga. Vitambaa vinavyouzwa kwa jina la mianzi karibu vyote ni viskosi hii hii, iliyoanzia kwenye mianzi badala ya mti mwingine. Mwaka 2022 mamlaka ya biashara ya Marekani iliyashtaki makampuni mawili makubwa ya rejareja kwa kuviuza kana kwamba ni uzi wa mianzi wenyewe, na yakakubali kulipa mamilioni ya dola. Si kitambaa kibaya. Ubaya ni kukilipia kwa sifa isiyo yake.

Umeuliza utajuaje unachouziwa. Nunua robo mita, au omba kipande cha ukingoni, na ukikalie chini nyumbani kabla hujarudi kununua mita zote. Mimi hufanya hivi.

Kwanza nakikamata kwenye ngumi, nahesabu mpaka kumi, naachia. Kitani kitabaki kama karatasi iliyotupwa, pamba na viskosi zitabaki na mikunjo, sufi na poliesta zitajinyoosha. Kisha nakisugua kitambaa chenyewe kwa chenyewe juu ya kitu cheusi. Ukiona unga mweupe umedondoka, kimetiwa wanga, na ule unene uliokupendeza dukani utaondoka na maji ya kwanza.

Baada ya hapo nachukua kalamu isiyofutika, nachora mraba wa sentimita 20 kila upande, na mshale kuonyesha upande wa mtande, yaani nyuzi zinazoenda sambamba na ukingo. Nafua vile nguo itakavyofuliwa, nakausha, napiga pasi, napima. Mtande ukisoma 19, kitambaa kimerudi asilimia 5. Kwa kawaida mtande hurudi kuliko upana, kwa kuwa ndio uliovutwa sana kiwandani. Kipande hicho hicho, kikiwa bado kimelowa kabla ya kukausha, nakibana juu ya kitambaa cheupe kwa pasi. Rangi ikihamia, kinachuja, na usikiunganishe na kola nyeupe.

Halafu moto, kwa uangalifu. Chomoa nyuzi chache za mtande uzisokote pamoja, na chache za mshindio, zile za upana, uzisokote peke yake, kwa kuwa wakati mwingine upande mmoja ni pamba na mwingine ni poliesta. Zishike kwa kibano juu ya sinki la chuma au sahani yenye maji, mbali na pazia, na usishike kwa vidole, kwa maana tone la plastiki iliyoyeyuka likigusa ngozi halipanguki. Pamba, kitani na viskosi hushika moto upesi, hunuka karatasi inayoungua, na ukizima huendelea kuwaka kaa jekundu hadi majivu mepesi ya kijivu. Hariri na sufi hujikunja zikikwepa moto, hunuka nywele zilizoungua, mara nyingi hujizima zenyewe, na kipande cheusi kinachobaki hupondeka kwa vidole kikawa vumbi. Poliesta nayo hujikunyata, huyeyuka, hutoa moshi mweusi, na ikipoa huacha shanga ngumu ambayo kucha haiipondi. Nailoni huyeyuka vivyo hivyo. Akriliki huwaka kwa fujo na kudondosha matone, usiisogeze karibu na uso. Ukipata majivu laini yenye vipunje vigumu ndani yake, ni mchanganyiko.

Moto hauwezi kukutenganishia pamba na viskosi, zote ni selulosi. Hapo tumia mate. Chomoa uzi mmoja mrefu, lowesha katikati tu kwa ulimi, shika ncha mbili uvute taratibu. Uzi wa viskosi utakatika pale palipolowa. Wa pamba au kitani utakatika pengine, palipo pakavu, kwa sababu nyuzi hizo zikilowa huongezeka nguvu. Inachukua nusu dakika, unaweza kuifanya umesimama kaunta na muuzaji anakutazama.

Turudi kwenye orodha yako.

Shati la mumeo: pamba iliyofumwa kwa mtindo wa kawaida, uzi mmoja juu mmoja chini, popilini ya gramu 110 hadi 130. Kitani kinapoza kuliko pamba na hukauka upesi, lakini asipokuwa mtu wa kuvumilia mikunjo atarudi nyumbani anaonekana amelala nalo. Kama nyumbani hakuna mtu mwenye hamu ya kupiga pasi mashati kila wiki, basi chukua mchanganyiko wenye pamba nyingi kuliko poliesta, tuseme 60 kwa 40, na ukubali kwamba baada ya muda kola na mikono itatoa vinundu vidogo vidogo. Pamba pia hutoa vinundu, ila hudondoka. Kwenye mchanganyiko, uzi wa poliesta ni imara, unavishikilia visianguke. Yapo mashati ya pamba yanayotangazwa kwamba hayajikunji. Hayo yametiwa dawa inayofunga nyuzi zisisogee, na gharama yake ni kwamba pamba hupungua nguvu na hunyonya jasho kidogo kuliko ilivyozaliwa. Kwa mtu anayetoka jasho sana sioni faida. Na nikuambie ukweli, ukimpa nafasi ya kutosha mgongoni na kwapani utakuwa umemsaidia kuliko kuhangaika kuchagua kati ya pamba mbili. Shati linalobana huloa, liwe la uzi gani.

Sketi ya marinda ndipo poliesta inapowapiga vitambaa vya asili mchana kweupe. Uzi wake ukipashwa moto hulegea, ukipoa ukiwa umekunjwa hukumbuka mkunjo huo, na maji ya kawaida ya kufulia hayaufuti. Marinda ya pamba utayapiga pasi upya kila yakifuliwa, moja moja, na sidhani kama unajua bado hiyo kazi ni ndefu kiasi gani. Ya sufi hukaa vizuri mpaka yanyeshewe. Nunua poliesta ya uzito wa kati, yenye sehemu ya viskosi ukipenda, ila isizidi poliesta. Panga marinda, yafunge kwa uzi wa kushikiza usioacha alama, funika kitambaa chenye unyevu, shusha pasi ya nukta mbili bila kuisukuma, inyanyue, isogeze. Kisha liache rinda lipoe kabisa pale pale lilipo kabla ya kuligusa. Wengi huinua sketi ikiwa ya moto na kulalamika kwamba marinda hayashiki. Mkunjo hushika wakati wa kupoa.

Kama ulichomaanisha si marinda ya kupanga, ila ni kiuno cha kukusanya chenye kitambaa kingi kinachoanguka, jibu linageuka: viskosi. Fua kwanza, kwani hurudi hata kuliko pamba. Ikishaunganishwa, itundike siku nzima kabla ya kukunja pindo, hasa kama umekata mshazari, ili uzito wake uivute mwisho wake. Ukipinda mapema, pindo litakuwa na mawimbi.

Suruali ya mazoezi inahitaji spandeksi, uzi wa kuvutika uliobuniwa na Joseph Shivers huko DuPont, Marekani, mwaka 1958. Asilimia 1 hadi 3 inatosha kwenye jinzi, lakini suruali ya kubana ya mazoezi itake 15 hadi 20, na sehemu iliyobaki iwe nailoni au poliesta. Nailoni ni laini zaidi kwenye ngozi na huvumilia msuguano. Poliesta hushika rangi vizuri zaidi juani. Pamba yenye spandeksi ni nzuri ya kukaa nayo nyumbani, ila ukitoka jasho inalowa na magoti yanatoka. Dukani chora au pima sentimita 10, ivute mpaka 15, ishikilie kidogo, iachie. Isiporudi 10, hata magoti hayatarudi. Ivute pia mbele ya mwanga utazame kama inaonyesha, maana ukichuchumaa ndivyo itakavyovutika. Ikishashonwa, isione pasi kali wala dawa ya klorini ya kung'arisha nguo. Vyote viwili huua spandeksi, na ikishakufa haifufuki.

Kwenye ushonaji wenyewe, vitambaa vya kiwandani vina madai yao. Poliesta nyembamba inataka sindano mpya yenye ncha kali, namba 70, na ibadilishe mapema, kwa sababu nyuzi hizi hufanya sindano iwe butu haraka na sindano butu huvuta nyuzi na kuacha mistari. Mshono ukijikusanya, legeza mkazo wa uzi na ushike kitambaa kwa wepesi mbele na nyuma ya sindano. Kwenye pamba mkusanyiko mdogo unaumalizia kwa mvuke wa pasi. Kwenye poliesta hauna pa kukimbilia, utabaki hivyo hivyo. Kitambaa cha kuvutika kipe sindano yenye ncha ya mviringo, inayosukuma vitanzi pembeni badala ya kuvitoboa, na mshono wa zigizaga nyembamba au ovaloki. Dengrizi namba 100. Hariri ya kweli ni kama poliesta nyembamba tu, ila usiitoboe pini nje ya mpaka wa mshono, kwani tundu hubaki.

Bitana watu huichagua mwisho kwa mabaki ya pesa, halafu inaharibu kila kitu. Gauni la pamba safi lenye bitana ya poliesta ndani ni gauni la poliesta kwa upande wa ngozi. Tumia viskosi ya bitana au pamba nyembamba. Kwa koti au suruali ya sufi usitie pamba ndani, kwa kuwa nguo itagoma kuteleza kwenye mwili. Viskosi ya bitana hapo ndiyo inayofaa.

Sehemu moja ambayo sikubali kabisa vitu vya kuyeyuka ni vishikio vya sufuria na aproni ya jikoni. Nje pamba nene, ndani pamba au sufi. Watu hujaza vishikio kwa ile pamba nyeupe ya kujazia mito, ambayo jina ni pamba na mwili ni poliesta. Sufuria ya moto huiyeyusha na joto linakufikia mkononi.

Gamu, yaani kile kitambaa cha kukazia kinachobandikwa kwenye kola kwa pasi, nayo ina tabia zake za kurudi. Ukiibandika kwenye pamba ambayo haijafuliwa, pamba itarudi na gamu itabaki, na kola itatoa malengelenge ambayo pasi haiyaondoi. Fua kitambaa kwanza. Kama ni gamu ya kufumwa, iloweke kwenye maji ya uvuguvugu, iache ijikaukie yenyewe, ndipo uibandike.

Uzi wa kushonea: uzi wa poliesta unafaa karibu kila mahali, pamoja na shati la pamba, na kwenye suruali ya mazoezi ni lazima, kwani wa pamba hauvutiki na utakatika ukichuchumaa mara ya kwanza. Ninapotumia uzi wa pamba ni pale ninapotaka nguo ya pamba itiwe rangi baada ya kushonwa. Rangi za pamba hazishiki kwenye poliesta, kwa hiyo ukishonea uzi mweupe wa poliesta kisha uichovye nguo, itatoka na rangi uliyoitaka na mishono myeupe kila mahali.